Kikombe Kimoja cha Maji ya Betri

Kitako cha pipa kilipatikana siku ya tatu, kwenye shamba la kahawa la jirani, kimelala kifudifudi chini ya mti uliovunjika tawi. Muriithi, kaka mkubwa wa marehemu, alikibeba begani mpaka uani, akakibwaga mbele ya waombolezaji. Kililia kwa sauti iliyomfanya mjane, Kendi, ashike kifua.

"Ushahidi ndio huo," Muriithi alisema. "Mwenye macho na aone. Pipa la molasi linaweza kurusha kitako mpaka kule? Hili lilikuwa la petroli, na Gikunda alijua."

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi waliacha visu vyao wakatazama. Kendi hakutazama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na leso begani, akikihesabu kiazi kilekile mkononi kana kwamba vilikuwa vingi.

Mumewe Mugendi alikuwa fundi wa kuchomelea. Karakana yake ilikuwa pale pale kando ya lango lao, nje kidogo ya Runyenjes, na madirisha mengi ya upande ule yalipita mikononi mwake. Alhamisi asubuhi alianza kulikata pipa la Gikunda katikati, apate mabirika mawili ya kunyweshea ng'ombe. Mashine yake ya kukatia, grainda, ilipotoa cheche za kwanza, pipa lililipuka. Polisi walikuja, wakaandika kwamba ni ajali ya kazini, wakaondoka. Lakini Gikunda alikuwa akiwauzia vijana wa boda boda petroli kwa chupa karibu na soko, na kwa watu wa mtaa hilo lilitosha kuwa jibu.

Siku ile kitako kilipoletwa, saa nane mchana, Gikunda alikuja kutoa pole. Alisimama nje ya lango ameshika mfuko wenye sukari na majani ya chai, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.

"Unatafuta nini hapa?" Muriithi alimuuliza bila kufungua.

"Nimekuja kumpa pole mjane, Mama Sheila."

"Pole ya nini? Ya mtu uliyemuua?"

"Muriithi, mimi nilikuwa pale. Nimeungua pia, huoni? Mugendi alifungua kifuniko, akatia pua, akanusa. Akaniambia, 'Gikunda, leo umeniletea pipa safi, halinuki hata kidogo.' Akacheka. Ndipo akawasha mashine."

"Mnamsikia? Sasa anamsingizia maiti."

"Lilikuwa la molasi! Limenyeshewa miezi minne nyuma ya duka langu. Ungelitazama ndani ungeona kutu tupu."

"Rudi na sukari yako. Hapa tuna sukari."

Gikunda hakurudi nayo. Aliuweka mfuko chini, kando ya nguzo ya lango, akaenda zake huku ameukumbatia mkono wake kama mtoto mgonjwa. Hakuna aliyeuokota mfuko ule. Kufikia jioni sisimizi walikuwa wamekwisha kupanga mstari.

Kwenye mkeka, Kendi alikuwa bado akilisikia neno moja tu. Safi.

*

Kulikuwa na jambo alilolijua yeye, ambalo hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Jumatano, siku moja kabla ya mlipuko, Mugendi alikuwa amekwenda Ishiara kutengeneza lango la kanisa. Kendi aliliona pipa la Gikunda karakanani, akachungulia, akaona lilivyojaa kutu. Alijua mumewe angepoteza nusu siku kulisugua, na kifua chake kilikuwa kibaya wiki ile. Alijua pia jinsi alivyozoea kuyaosha mapipa ya namna hiyo, maana alimwona akifanya hivyo miaka kumi na tisa: kikombe cha maji ya betri, unalibingirisha mbele na nyuma, unaliacha lilale, na asubuhi kutu imelainika.

Basi akachukua kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu, akamimina asidi kutoka kwenye mtungi wa plastiki. Pale kikombe kilipokuwa kimebanduka rangi, aliona mapovu madogo yakipanda, akafurahi kwamba dawa ina nguvu. Akaimimina ndani ya pipa. Akalibingirisha mpaka kiuno kikamuuma. Kisha, kwa sababu mbuzi walikuwa wakizunguka karibu, akavikaza vifuniko vyote viwili.

Mugendi hakuwa akivifunga. "Pipa lazima lipumue," alikuwa akisema, na Kendi siku zote aliyachukua maneno hayo kuwa mzaha wa fundi. Pengine hata Mugendi hakujua maana yake. Aliyarithi tu pamoja na nyundo kutoka kwa fundi aliyemfundisha. Na kila mara, kutu ikishalainika, alikuwa akiliosha pipa kwa maji ya jivu na kulianika juani kutwa nzima.

Usiku ule wa Jumatano Mugendi alirudi amechoka, akala, akalala. Alfajiri Kendi aliondoka na gunia la kahawa kwenda kiwandani kabla hajaamka. Angeweza kumwamsha. Lakini alitaka alifungue mwenyewe, alione, ajue ni nani aliyemfanyia kazi hiyo. Alikuwa bado kwenye foleni ya mizani aliposikia mlio, akamwambia mwanamke aliyekuwa mbele yake, "Leo wanapasua mawe mapema."

Tangu siku hiyo alijiambia jambo moja, akilala na akiamka. Kikombe kimoja. Kikombe kimoja hakiwezi kuua mtu.

*

Jumatano iliyofuata mlipuko, Muriithi alikuja na karatasi iliyopigwa chapa mjini.

"Shemeji, kesho kutwa, Ijumaa, chifu atakuwa hapa. Wewe ndiye mjane, kwa hiyo sahihi ni yako. Ikitoka hapa inakwenda polisi, na Gikunda atalala ndani."

Akamsomea. Karatasi ilisema kwamba Gikunda alileta pipa la petroli akaficha ukweli. Kwamba Kendi mwenyewe alisikia harufu ya petroli karakanani Jumatano iliyotangulia mlipuko.

"Mimi sikusikia harufu," Kendi alisema.

"Ulisikia. Umesahau kwa sababu ya machozi."

"Kama nitasema ambalo sikulisikia..."

"Mama Sheila." Muriithi alikunja karatasi polepole. Alikuwa na macho mekundu. Tangu msiba uanze hakuwa amelala, na Kendi aliliona hilo. "Mugendi nilimbeba mgongoni mimi. Nilimlipia karo mimi. Usimtetee mtu kwa sababu tu anatoka kwenu Meru. Watu wameanza kuuliza."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza kwa nini hujamlaani hata mara moja."

Mkewe Muriithi, aliyekuwa akipakua uji, alicheka puani. "Damu inaitana," alisema, na wanawake wawili wakainamisha vichwa kwenye masufuria ili wasionekane wamesikia.

Kendi alisema atatia sahihi Ijumaa.

*

Alhamisi mchana uwanja ulipotulia, alimkuta binti yake nyuma ya jiko. Sheila alikuwa kidato cha nne, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tano. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kile kitako cha pipa, daftari gotini, akikwangua kitu kwa kijiko.

"Acha kitu hicho," Kendi alisema.

"Mama, njoo uone. Hapa kwenye mkunjo."

Kwenye mkunjo wa bati, pale maji yasingeweza kutoka, kulikuwa na ukoko mkavu. Ukingoni ulikuwa umegeuka njano, lakini chini yake ulikuwa wa kijani hafifu sana, kijani cha jani lililokosa jua.

"Rangi hii naijua," Sheila alisema. "Tuliipata maabara. Petroli haiachi hivi. Hii ni chuma kilicholiwa na asidi." Alizungumza kwa haraka, kama mtu aliyekaa na maneno tangu asubuhi. "Na asidi ikila chuma inatoa hewa, mama. Haidrojeni. Kitabu kinasema haina rangi, haina harufu. Unakumbuka Gikunda alivyosema? Baba alinusa, hakusikia kitu. Kama ni petroli, baba angeijua hata akiwa usingizini. Gikunda anasema kweli."

Kendi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Jana nilipokwenda shule kuchukua vitabu nilimuuliza Mwalimu Bundi. Akasema hewa hiyo ikifika sehemu nne tu kwa mia, cheche moja inatosha. Pipa ni lita mia mbili. Kwa hiyo ni lita nane. Kinachonishinda ni kimoja." Aligonga daftari kwa kalamu. "Sijui asidi ilikuwa kiasi gani. Bila hiyo siwezi kuhesabu."

Upande wa barabara pikipiki ilipita, ikapungua, ikaondoka. Kendi alitazama mikono yake. Alikuwa ameingoja siku saba nafasi ya kumwuliza mtu aliyesoma, na sasa alikuwa hapa, amevaa sweta ya shule, nywele hazijasukwa.

"Kama ni kidogo tu?" aliuliza. "Kama ni kikombe kimoja?"

"Kikombe gani? Kuna vikombe na vikombe."

"Kile cheupe. Cha bati."

Sheila alikuwa na hamu ya hesabu kuliko ya kitu kingine chochote, na kwa dakika chache hesabu ilimficha kila kitu. Alikimbilia jikoni, akarudi na kikombe na chupa tupu ya soda. Alijaza kikombe maji, akayamimina kwenye chupa kwa uangalifu. Yalifika shingoni.

"Mililita mia tatu," alisema, akaandika. Alikuwa akizisema hesabu kwa Kiingereza cha darasani, kisha akimgeuzia mama yake. "Mwalimu alisema maji ya betri yana karibu moli tano kwa lita. Moli ni namna ya kuhesabu vitu vidogo sana, kama vile sisi tunavyosema dazeni. Kwa hiyo kikombe hiki kina moli moja na nusu. Kila moli moja ya asidi inatoa moli moja ya hewa. Na kila moli ya hewa, ikiwa nje namna hii, inachukua lita ishirini na nne. Ishirini na nne, mara moja na nusu..."

Kalamu ilisimama.

"Thelathini na sita."

"Thelathini na sita nini?"

"Lita, mama. Lita thelathini na sita."

Kendi alitazama chupa ya soda. Hakuona ni wapi lita thelathini na sita zingeweza kujificha mle. "Lakini umesema zilihitajika nane."

"Nane."

"Na kutu? Kutu nayo si inakula asidi? Ile kutu ilikuwa nyingi sana."

"Inakula, na yenyewe haitoi hewa. Tuseme ilikula nusu. Zinabaki kumi na nane. Bado ni mara mbili ya..." Sheila alinyamaza. Aliinua uso polepole. "Mama, wewe umejuaje kwamba kutu ilikuwa nyingi?"

Kendi alikiokota kile kijiko, akakifuta kwa kiganja.

"Umejuaje kwamba ni kikombe kimoja?"

"Nilifunga vifuniko," Kendi alisema. "Kwa sababu ya mbuzi."

Sheila alikitazama kikombe kilichokuwa bado mkononi mwake. Alikiweka chini, mbali na mguu wake. Kisha akainuka akaenda mpaka kwenye mgomba wa mwisho, akasimama huko akiwa amempa mama yake mgongo. Alikaa huko muda mrefu. Kendi alimwona akijifuta kwa mkono wa sweta, mara ya kwanza, mara ya pili, na hakuthubutu kumfuata.

Aliporudi hakuketi karibu. Aliichana ile karatasi ya hesabu kutoka kwenye daftari, akaikunja.

"Nikiichoma hakuna atakayejua," alisema.

"Gikunda atalala ndani."

"Najua."

"Wewe ungefanyaje?"

"Usiniulize mimi, mama!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Mimi nilitaka tu kujua baba alikufa kwa nini."

Alimpa karatasi ile, akaenda kuwasaidia wanawake kuchota maji.

*

Ijumaa chifu alipewa kiti chenye mto. Muriithi aliweka karatasi yake juu ya meza, na kalamu juu ya karatasi. Gikunda aliitwa naye, akaketishwa peke yake kwenye benchi karibu na zizi, jua likimpiga usoni. Chai ilipogawiwa, sinia lilimpita kana kwamba alikuwa nguzo.

"Mama Sheila," chifu alisema, "pole tena. Haya yamesomwa. Ni kweli?"

Kendi alisimama. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, na sasa hata moja halikuja kwa zamu yake.

"Si kweli," alisema. "Pipa nililiosha mimi. Kwa maji ya betri, kikombe kimoja. Nikavikaza vifuniko. Mugendi hakujua. Gikunda hakujua. Hewa iliyompasua niliiweka mimi."

Mtu mmoja alikohoa. Muriithi alicheka, kicheko kifupi kisicho na mwenyewe.

"Huyu amechanganyikiwa. Chifu, ni huzuni hiyo. Maji ya betri kikombe kimoja yapasue pipa? Hata mtoto hawezi kukubali."

"Lita thelathini na sita," Kendi alisema.

"Nini?"

Akafungua karatasi lakini herufi zilimchezea. Alijua namba, hakujua njia ya kuifikia. Alisimama hivyo, watu wakimngoja, na mke wa Muriithi alikuwa amekwisha kuanza kunong'ona, wakati Sheila alipotoka katikati ya wasichana wa maji. Hakumtazama mama yake. Aliichukua karatasi, akasoma mstari kwa mstari: kikombe, asidi, chuma, hewa. Alisoma kwa sauti ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Alipomaliza akaenda kuleta kitako cha pipa, akamwonyesha chifu ule ukoko wa kijani.

Muriithi hakukitazama. Alikuwa akimtazama Kendi.

"Siku nane," alisema. "Umekula na sisi siku nane."

"Ndiyo."

"Umeniacha nimfukuze mtu langoni."

"Ndiyo, shemeji."

Alichukua karatasi yake mezani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hakuirarua, kwa kuwa alikuwa ameilipia. Kisha akaondoka, mkewe akamfuata, na viti vyao viwili vikabaki vimetazamana.

Chifu aliandika maneno machache, akasema ajali ni ajali, na kama polisi watamhitaji Kendi watamwita. Alipokwisha kwenda, Kendi alikwenda mpaka kwenye benchi. Gikunda alikuwa bado hapo, ameinamia bendeji yake.

"Nisamehe," Kendi alimwambia.

"Mke wangu ametemewa mate sokoni," Gikunda alisema. "Watoto wangu hawajaenda shule wiki nzima." Akainuka. "Mtoto wako anasoma vizuri," alisema, akatoka bila kugeuka.

*

Jumamosi walimzika Mugendi chini ya mti wa parachichi, hatua chache kutoka karakanani. Watu walikuwa wengi, lakini nyuma ya Kendi palibaki nafasi ambayo hakuna aliyeijaza. Mchungaji alisoma, wakaimba, jeneza likashushwa. Muriithi ndiye aliyeshika sepetu. Desturi yao ni kwamba familia inatupa udongo kwanza, na mwenye sepetu humletea kila mmoja udongo mkononi.

Alimletea mama yake mzazi. Alimletea mkewe. Alimletea Sheila, akamshika kichwa kidogo. Alipofika kwa Kendi, sepetu ikasimama hewani. Muriithi alijaribu, watu waliona kwamba alijaribu. Kisha akaichomeka sepetu ardhini, akasogea pembeni akiwa amefunika macho.

Kendi alibaki na viganja vilivyofunguliwa, vitupu.

Ng'ombe wa jirani alisikika akitafuna. Ndipo mtu mmoja akatoka nyuma ya umati, kutoka kule wanakosimama wageni. Gikunda hakuichukua sepetu. Mkono mmoja usingeiweza. Alichuchumaa kando ya lundo, akachota kwa mkono wake mzima, akaja akasimama mbele ya Kendi. Akaumimina udongo viganjani mwake, polepole, mpaka vikajaa.

"Tupa," alimwambia kwa Kimeru, kwa sauti ya chini. "Ni mume wako."

Sheila alikuja akasimama upande wa kushoto wa mama yake. Bado hakumtazama. Lakini aliweka mikono yake chini ya ile mikono miwili, akaishikilia ili udongo usimwagike kabla ya wakati, na wakatupa pamoja.